Mkono Uliokutwa kwenye Swichi

Asubuhi yao ya mwisho haikuwa na alama yoyote. Mama Pasi alikuwa akipuliza mkaa. Alitia makaa matatu mekundu kwenye pasi, akafunga kifuniko, akaipunga huku na huku mpaka ikashika moto. Akachovya vidole kwenye kopo la maji, akanyunyizia shati, akaanza na kola, kama alivyoanza na kola maisha yake yote. Mumewe alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai.

"Leo nipelekee wewe," Mama Pasi alisema bila kugeuka.

"Nipeleke nini?"

"Unajua."

Yalikuwa mashati matano ya Kijiti. Kila wiki mashati matano, mwaka wa tatu sasa, na kila wiki Mama Pasi alipeleka mwenyewe.

"Goti," mzee alisema.

"Goti lako lina akili sana. Sokoni linakwenda. Kwa kinyozi linakwenda na kurudi. Likisikia kwa Kijiti, linavimba."

Mzee alicheka. Naye alicheka, kisha kikohozi kikamshika, akaegemea meza mpaka kikapita. Akamaliza shati la tano, akalitundika na wenzake kwenye msumari wa nyuma ya mlango.

"Haya. Nitapeleka mwenyewe kesho," alisema.

Kesho ilimkuta hospitali, na siku ya nne walimzika.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi kabla haujamwita jina jingine, baya, ambalo tutalifikia. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu: sare za shule, makoti ya wauguzi, suti za mabwana harusi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko mwili, na hakupenda maneno mengi. Nguo ndizo zilizomwambia habari. "Huyu kaachishwa kazi," angesema akishika kola ya shati lililokuwa likija kila Jumamosi na sasa linakuja mara moja kwa mwezi. Au, "Huyu kapendwa," kwa sababu mwenye suruali alianza kutaka mistari minyoofu. Alichokijua hakikutoka nje ya chumba kile.

Mumewe hakusoma. Alipanda nguzo za umeme miaka thelathini na moja, ndiyo maana akaitwa Mzee Nguzo. Herufi alizijifunza ukubwani, kwa mkewe, kwenye kola zilizotiwa alama kwa uzi mwekundu ili nguo za watu zisichanganyike. "Hii ni nini?" mkewe aliuliza, pasi mkononi. "M." "M ya nani?" "Ya mwalimu mkuu." Hivyo hivyo, kola kwa kola, mpaka akaweza kusoma kibao cha duka akiweka kidole hewani.

Alipostaafu, binti yao anayefanya kazi mbali aliwaletea paneli sita za sola. Ofisi ya umeme ilituma mafundi wakazifunga juu ya bati, wakaweka inveta, mashine inayogeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, ukutani karibu na swichi kuu, na nje wakafunga mita ya njia mbili, inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Nyumba hiyo ilikuwa ya kwanza mtaani kuunganishwa hivyo. Betri hazikuwepo. Mchana, paneli zikitoa umeme mwingi kuliko pasi za umeme za wakati huo zinavyokula, uliobaki ulitoka kwa waya ule ule kwenda kwa majirani. Jioni nyumba ilichukua wa gridi, ule wa ofisi, kama zamani.

Watu waliuliza inakuwaje, na Mama Pasi aliwajibu kwa maneno machache. "Ni kama kuazimana chumvi. Leo yangu, kesho yako." Wengine sita wakapeleka maombi yao ofisini kwa sababu ya chumvi hiyo.

Kulikuwa na ila moja. Umeme wa gridi ukikatika, sola nayo ililala. Jua linawaka, bati linaunguza, na ndani pasi ni chuma baridi. Kinyozi wa nyumba ya pili hakuiacha nafasi hiyo impite.

"Mama Pasi," alipaza sauti kupitia dirishani, "hiyo sola yenu ni ya jua au ya mbalamwezi?"

"Ni ya watu wenye subira," alijibu. "Wewe una wembe, nyoa."

Wateja walicheka, naye akacheka nao, akakaa kwenye kigoda akingoja. Hakuona aibu. Aliyeona aibu alikuwa mumewe. Miaka thelathini na moja watu wakimngoja yeye ateremke nguzoni na umeme, leo nyumba yake ndiyo ya kuchekwa na mtu wa mashine ya kunyolea.

Na sababu ya inveta kulala aliijua kuliko wote. Inalala kwa ajili ya mtu aliye juu ya nguzo. Zamani laini ilikuwa na mdomo mmoja: ukiukata umeme kwenye transfoma, mbele kote ni waya mfu. Mzee mwenyewe aliwafundisha hivyo waliomfuata, na wa mwisho kumfundisha alikuwa Kijiti, mtu mwembamba mwenye watoto wawili, aliyepanda nguzo kama ngazi ya kwao. "Waya salama ni ule ulioukata mwenyewe," alimwambia. Lakini siku hizi kila paa lenye sola lina mdomo wake. Umekata huku, kule unaweza kuingia mwingine. Kwa hiyo mashine imefundishwa: ikiona gridi imekufa, na yenyewe inajizima, fundi ashuke mzima.

Mzee akaitafutia hila. Alinunua jenereta ndogo. Umeme ukikatika, alishusha swichi kuu ili nyumba itengane na laini ya nje, akawasha jenereta, akaiunganisha na nyaya za ndani. Inveta ikaona nyaya zina uhai, ikadhani gridi imerudi, ikaamka. Sola na jenereta vikashikana, pasi zikapata moto. Swichi ikiwa chini, hakuna kinachotoka nje.

"Na ikiwa juu?" mkewe alimuuliza siku ya kwanza.

"Haitakuwa juu. Mimi ni mtoto wa kazi hii?"

Hakuuliza tena. Lakini kila umeme ulipokatika, kabla hajashika pasi, alikuwa akiitazama swichi kwanza.

Siku jina lile baya lilipozaliwa ilikuwa siku ya sare. Shule ilikuwa na sherehe alasiri, na sare arobaini zilikuwa zimelowa maji ya kunyunyiza, zimekunjwa, zinangoja. Saa nne umeme ukakatika. Mzee alitoka nje akaona gari la ofisi ya umeme limesimama penye transfoma, kona ya barabara, na fundi akitoa fyuzi. Akarudi, akashusha swichi, akawasha jenereta, pasi zikaanza kazi.

Kinyozi akasikia jenereta. "Nguzo!" aliita, na sauti ilikuwa ya kupendeza watu waliojaa kwenye viti vyake. "Kumbe sola yako inakunywa petroli! Si ungesema tu ni mlevi kama sisi?"

Vicheko vile vilimwingia mzee. Akawaza, na mawazo yake yalikuwa ya fundi. Fyuzi imetolewa, kwa hiyo kipande hiki cha laini kimetengwa na mji. Kina nyumba tatu tu: yake, ya kinyozi, na ghala ambalo mchana limefungwa. Nikipandisha swichi, jenereta haimezwi na mji mzima. Itakwenda kwa kinyozi tu. Mashine yake itawaka mkononi mwake, na jua langu ndilo litakaloiwasha. Kisha nitakwenda kusimama mlangoni pake nimwulize nani mlevi.

Mtu asiyejua umeme asingewaza hivyo hata kidogo.

Alipandisha swichi.

Kwa kinyozi redio ikaanza kuimba. Watu wakashangilia. Mzee alikuwa bado anatabasamu aliposikia ukelele nyuma ya ghala. Haukuwa wa kuita. Ulikuwa wa mtu ambaye meno yake hayaachani.

Fundi aliyetoa fyuzi alikuwa Kijiti, naye alikuwa ameshaondoka kwenye gari. Alikuwa amepanda nguzo ya nyuma ya ghala, ambayo kutoka nyumbani haionekani. Aliupima waya, akaukuta mfu, akaushika kwa mkono mzima ili afunge kiungo kilicholegea. Hakuufunga kwanza kwenye waya wa ardhini, ambao ungeumeza umeme wowote unaoingia, kwa sababu kipande kile alikikata mwenyewe. Waya salama ni ule ulioukata mwenyewe. Ukafufuka mkononi mwake.

Mzee aliganda. Miaka yote ile ya kazi haikumsaidia. Aliyeruka ni Mama Pasi. Aliangusha pasi juu ya sare, akavuka chumba, akashusha swichi kwa mikono miwili na kuing'ang'ania kana kwamba itapanda tena. Ukelele ukakatika. Kijiti akabaki ananing'inia kwenye mkanda wake.

Watu walipoingia mbio, walimkuta mwanamke ameshika swichi, na nyuma yake moshi wa sare inayoungua.

"Nani kapandisha hii?" aliuliza mkubwa wa mafundi.

Mzee alifungua mdomo. Anakumbuka kwamba aliufungua.

"Mimi," alisema Mama Pasi.

Wakamchukua chumba cha ndani kuandika maelezo. Mzee alibaki uani. Jenereta bado ilikuwa inanguruma, hakuna aliyeizima. Walipomwita aweke sahihi kama shahidi, waliuliza kama atasoma kwanza. Akasema hana miwani. Akasaini. Miwani ilikuwa mfukoni.

Kijiti aliishi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa. Ofisi ikafungua mita ya njia mbili ikaondoka nayo, na maombi ya wale jirani sita yakasimamishwa. Kutoka siku hiyo Mama Pasi akaitwa Mama Shoti. Wauguzi wakapeleka makoti yao kwingine. Walipokaa wawili tu mezani, mzee alijaribu kusema mara moja.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kula, chakula kinapoa."

Ule ulikuwa mlango, naye akaufunga taratibu kwa sababu kuufunga kulimfaa. Alijiambia Kijiti alikosea, angefunga waya wa ardhini. Alijiambia mke mwenyewe ndiye aliyetaka. Mkewe hakushika tena pasi ya umeme. Akatoa pasi ya mkaa ya mama yake chini ya kitanda, akawa anavuta moshi wake kutwa. Kikohozi kilianza mwaka huo huo. Mzee hajaambiwa na daktari yeyote kwamba ni mkaa. Hajauliza.

Na kila wiki mashati. Mkewe alikwenda mwenyewe kwa Kijiti, akasema, "Mkono wako hauwezi kufua, nipe." Vifungo alivitoa vyote, akashona vya kubana, ambavyo mtu anavifunga kwa kidole gumba na kimoja kilichobaki. Kwa nje akaacha vifungo vya uongo, ili watu wasijue.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika na binti akarudi kazini kwake, mashati yalikuwa bado kwenye msumari. Mzee aliyazunguka siku tisa. Siku ya kumi aliyakunja vibaya, akayafungua, akayakunja tena, akatoka. Goti halikuuma.

Kijiti mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Siku hizi alikuwa stoo ya ofisi ya umeme, akigawa vifaa kwa mkono wa kushoto.

"Mzee wangu. Pole sana na msiba. Nilikuja mazishini, hukuniona."

"Nilikuona."

"Karibu ukae."

"Nikikaa sitasema." Alimpa mashati. "Swichi sikuipandisha kwa bahati mbaya, na hakuipandisha yeye. Ni mimi. Yeye aliishusha."

Kijiti aliyatazama mashati. "Sema tena."

Akasema tena, na redio, na kinyozi, na kicheko alichotaka kwenda kukicheka. Hakuacha kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyoogopa miaka mitatu.

"Kumbe kwa ajili ya kinyozi," Kijiti alisema.

"Kwa ajili ya kinyozi."

"Mzee, wewe ulinifunga mkanda wa kwanza kwa mikono yako." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Unajua mama yule nilimfanya nini? Mwaka wa kwanza sikumkaribisha ndani. Anasimama hapo hapo uliposimama, jua la mchana, nahesabu mashati yangu taratibu ili azidi kusimama. Siku moja nilimrushia shati, nikamwambia kola haijanyooka. Akaliokota akarudi nalo, kesho yake akalileta. Aliyeniokoa. Mkono huu nimeuzoea, mzee. Hili la shati nitalizoea vipi?"

"Nifanye nini?" mzee aliuliza.

"Usiniulize mimi. Njoo ofisini asubuhi, msimamizi yupo. Useme kama ulivyosema hapa." Alianza kufunga mlango, akaufungua tena. "Unajua mafundi wapya wanafundishwaje? Kuna somo zima. Jihadharini na nyumba zenye sola na watu wasiojua, kama yule mama wa pasi. Nami ndiye ninayewaonyesha mkono."

Asubuhi mzee alikwenda. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, na mafundi wapya wanane walikuwa uani wakichagua mikanda. Kijiti alisimama mlangoni pa stoo, amevaa shati moja kati ya yale matano. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeweza kunyamaza, baba," alisema. "Aliyeandikwa keshakufa."

"Ndiyo sababu."

"Hii itapanda kwa wakubwa. Utaitwa."

"Niitwe. Lakini hao wa nje waambie kwanza. Mnawafundisha waogope asiyejua. Asiyejua haigusi ile swichi. Aliyeipandisha alijua fyuzi imetoka, alijua laini ina nyumba tatu, alijua kila kitu isipokuwa mtu yuko wapi. Waambie hata waya ulioukata mwenyewe, ufunge kwenye ardhi kabla hujaushika. Mimi niliwafundisha wenzao vibaya. Na wale jirani sita, waunganishieni. Sola haikuwa na kosa. Ililala kama ilivyoagizwa. Mimi niliiamsha."

Msimamizi aliandika. Kisha akafungua kabati, akatoa faili la miaka mitatu, akaligeuza juu ya meza limwelekee.

"Kabla sijafuta jina lake, soma ulichotilia sahihi. Ndiyo utaratibu."

Mzee alitoa miwani mfukoni. Chini ya karatasi aliiona sahihi yake, imepinda. Juu yake kulikuwa na mistari michache tu, maana mkewe hakuwa mtu wa maneno. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyozisoma kola, na uani mafundi wakaacha mikanda:

"Swichi nimepandisha mimi, nilidhani umeme umerudi. Mume wangu msimwulize. Amepanda nguzo miaka thelathini na moja, kosa kama hili hawezi kulifanya."